Dirisha Namba Tatu

Mtumba. Kalamu imefungwa kwa uzi wa katani.
Lugha unazozungumza: nimejaza Kiswahili,
nikajaza Kigogo, cha Mvumi, cha bibi yangu
aliyeniamkia "mbukwenyi" hata nikija peke yangu,
kana kwamba nimeleta watu.
Kiingereza nimekiandika kwa herufi ndogo.

Lugha unayotaka kujifunza.
Mwenzangu wa meza ya pili ameweka Kichina,
kaka yake anaagiza vioo vya simu.
Mimi nimesita, foleni ikakohoa.

Kwa Mtoro, jikoni, mavyaa wangu na dada zake
hutwanga uwele. Mmoja husema jambo,
likaalika kwenye meno kama kuni mbichi motoni,
wote wakaangua kicheko,
na mume wangu, huko nje kwenye zizi, naye akacheka.
Nikimuuliza: "Aa, hilo halitafsiriki."
Mwaka wa sita sasa halitafsiriki.

Nimejaribu bafuni, bomba likiwa wazi.
Ulimi juu. Vuta. Achia.
Nyemo, wa miaka minne, akasikia mlangoni:
"Mama, hivyo ni kumswaga punda."
Kisha akalitamka, neno zima,
bila hata kutema kokwa ya ubuyu.

Kisandawe, nimeandika.
Karani amesoma, amenitazama, amesoma tena.
"Kozi hiyo hatuna, dada."
Najua.
Nipe likizo ya siku kumi na nne.
Mchi nitaazima hukohuko.