Lango Namba Tatu

Bohdana, dada yangu,
uliniuliza kwa simu ni nani aliyelifungua lango
nami nikasema laini inakatika.
Haikukatika.

Ilikuwa saa nane na nusu, usiku wa Jumapili.
Mvua ya siku ya nne ilikwisha kutujazia
mitaro, visima, viatu, masikio.
Redio ya Ostrava ilitaja vijiji kimoja kimoja
kama mwalimu anayeita mahudhurio.
Pampu ya kwanza ilikohoa, ikanyamaza.
Ya pili ikafa bila kuaga.
Otakar alishika tochi kwa meno
akafungua kitabu cha maelekezo:
kurasa zimegandana kama mkate mbichi.

Nilisimama mbele ya gurudumu la chuma.
Nisipolizungusha, uchafu wa watu elfu kumi na mbili
utarudi ulikotoka:
utapanda kwenye masinki, kwenye vyoo vya hospitali,
hadi ghala la Bi Hedvika, chini ya sakafu,
anakoweka viazi na mitungi ya plamu.
Nikilizungusha
utashuka mtoni.
Na mto, Bohdana, unashuka kwako.

Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge.
Sisi tuliyaoga na nguo zetu,
na makoti, na funguo mfukoni.

Nilizungusha mara kumi na tisa.
Nilihesabu kwa sauti, kama tulivyohesabu zamani
tukijificha nyuma ya kinu.
Nilitarajia kishindo.
Nilisikia kitu kama mtu anayemeza.

Sasa maji yameshuka, yameacha mstari
kwenye ukuta wa posta, juu ya kimo changu.
Kwenye mierebi yananing'inia makaratasi ya chooni,
nepi, soksi moja ya mtoto,
meupe meupe. Ukiwa mbali ungedhani ni maua
yaliyokosea kalenda.
Ukikaribia, pua inakusahihisha.

Wamepigilia vibao: MAJI HAYA YASIGUSWE.
Watu wamepanga foleni ya sindano ya homa ya ini,
mikono imenyooka
kama ya wanaokula kiapo.

Kila asubuhi naenda na chupa sita, kamba,
na sanduku la barafu.
Nachota juu ya lango, nachota chini ya lango,
kana kwamba sijui.
Radana wa maabara hunisomea tarakimu
polepole, kama anayesoma majina ya marehemu.
Jana alisema, "Zimepungua."
Nikauliza, kwa kiasi gani?
Akaanza kupanga kalamu zake.

Mwanao ameharisha siku tatu.
Uliniambia katikati ya habari za kuku na bima.
Hukunilaumu. Ulisema tu
umemwaga chokaa kisimani, ndoo mbili,
na kwamba mbwa hataki kunywa mtoni.
Mbwa ana akili kuliko fundi mkuu.

Leo tulikuwa tukizoa tope kwenye tangi la tatu,
kitu kikagonga koleo langu.
Samaki. Mmoja wa wale wa Krismasi,
mafuriko yamemtoa bwawani yakamleta kwetu,
mnene, magamba kama sarafu zilizofutwa,
naye bado anapiga mkia humo,
ndani ya kile ambacho kila mtu hukivutia maji akakisahau.
"Muue," alisema Otakar.
Mwingine akasema, "Mrudishe mtoni, akaogee."
Wakacheka. Kisha kicheko kikawaishia.

Nimembeba nyumbani ndani ya ndoo, nimemfunika kwa koti.
Nimemimina kwenye hodhi la kuogea
mgao wangu wote wa boza la jeshi
na wa jirani aliyehama,
kama baba alivyofanya kila Desemba,
wewe ukimpa samaki jina ili asichinjwe.

Anazunguka. Maji yameshaanza kuwa ya kijivu.
Nimeketi ukingoni, simu mkononi,
mikono bado inanuka baada ya sabuni ya tatu.
Laini ni nzuri.
Inaita.