Fimbo ya Sajini Mwadime

Niseme ukweli: riziki yangu ilikuwa kiu ya watu.
Mkokoteni mmoja, mitungi ishirini ya njano,
shilingi thelathini mtungi, arubaini ukipanda ghorofani,
na mwezi wa Ramadhani, Mungu anisamehe, hamsini.
Bomba la Mikindani lilikauka mwaka juzi.
Watu wakaandika barua. Barua zikajibiwa kwa barua.
Mimi nikanunua mkokoteni wa pili.

Jumamosi moja wakaja wale wazee,
Chama cha Askari Wastaafu, wanane kwa hesabu,
bereti zimefifia kama bilingani iliyopikwa sana,
lakini viatu!
Viatu vya kumfanya mtu azionee haya ndara zake.
Mbele Sajini Mwadime, mguu wa kushoto wa plastiki.
Nyuma Bi Nafula, zamani wa mawasiliano,
na chupa ya chai na daftari la michango:
Kyengo mia mbili. Tsuma hamsini. Shee, "nitaleta."

Mwadime hakuuliza ofisi wala ramani.
Alichomoa fimbo ya chuma, nyembamba kama shazia,
akapiga goti,
akaidunga ardhi kimshazari, taratibu,
akasogea vidole viwili, akadunga tena.
Kila tundu alinyamaza nalo kidogo
kama mtu anayesikiliza mlango wa mgonjwa.
Watoto wakapiga kelele: "Babu anawachoma mchwa sindano!"
Hakucheka. Jasho lilimtiririka
na macho yake hayakuwa Mikindani.

Nilikuwa nimesimama kando,
nachunga biashara yangu isife mbele yangu.
Bi Nafula akanisogelea, akanimiminia chai bila kuniuliza.
"Alipelekwa kulinda amani ya wenyewe," akasema.
"Alitafuta mabomu hivi hivi, kwa magoti.
Aliyategua mia na saba.
La mia na nane lilimtafuta yeye."

Kutoka bomu hadi bomba ni silabi moja.
Silabi hiyo Mwadime ameitembea miaka kumi na tisa.

Saa tano na ushei, mbele ya kinyozi,
ncha ya fimbo ilirudi na unyevu.
Akainusa. Akasema, "Hapa."
Na wale wazee wote saba, bila amri,
wakarudi nyuma hatua kumi, mikono masikioni.
Hapo ndipo nilipomsikia akicheka.
"Rudini, nyie! Hili halilipuki."

Wakachimba. Kyengo na pumu yake, wakachimba.
Bomba lilikuwa zima, halina ufa,
ila ubavuni mwake mtu alikuwa ametoga tundu
na kuchomeka mpira mweusi, mpya,
unaokwenda chini ya njia, chini ya ukuta,
hadi uani kwa tajiri anayenijazia mitungi.

Nilijua?
Nilijua nusu. Nusu nyingine sikuitaka.

Mwadime aliufuata ule mpira kwa macho,
ukuta, lango, mkokoteni wangu, mimi.
Nilingoja tusi. Nilikuwa hata na jibu.
Akanifungia macho kidogo kwa sababu ya jua,
akasema, "Kijana, sepetu ile pale."

Sijui kama huo ni msamaha.
Askari hawasemi sana.
Nilichimba mpaka adhuhuri, viganja vikatoka malengelenge,
na Bi Nafula akanifunga kitambaa
akinikaripia kama mwanawe.

Usidhani sasa tumekuwa peponi.
Maji huja Jumanne na Ijumaa, tena usiku,
na tajiri hanisalimii.
Mkokoteni wa pili niliuuza kwa hasara.
Wa kwanza hubeba saruji ya chama,
na siku za mvua, mguu ukimkera,
humbeba Sajini, amekaa kitako kama sultani,
fimbo mapajani, akikemea mashimo ya barabara.

Na ukilifungua lile daftari,
chini ya Shee, "nitaleta," ambaye hajaleta bado,
kuna mwandiko wa Bi Nafula:
Ngala. Mkokoteni mmoja.