Mguu Niponye

Nyamvula alileta tela Jumanne, saa mbili kasorobo,
akaliegesha mbele ya kibanda changu pale Jomvu,
akashuka na matope ya Likoni kwenye ndara.
Hakunisalimu. Alisema tu: "Lataka miguu."

Ijumaa walikuwa wakimwaga kifusi, udongo mwororo.
Sanduku likapanda, pampu ikalia,
na gurudumu la kulia likazama kidogo,
kiasi cha kidole gumba.
Huko juu, kidole gumba kikawa dhiraa.
Tela likapinda kiuno kama mlevi atafutaye ukuta.
Utingo wake, Chirima, hakungoja kuambiwa:
mguu niponye!
Kiatu kimoja kilibaki. Kifusi kimekizika.

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Shimanzi, kwa Abdulrasul, jeki zimepangwa kama meno.
Za mkasi, nyembamba, zimepakwa rangi nyekundu ya kuposea:
hizo hazijui kokoto.
Za mafuta, tamu kuzitazama,
ila mipira yake na chumvi ya huku hawakai nyumba moja.
Nikachukua za bomba ndani ya bomba,
mkono wa kuzungusha ubavuni, pini nene.
"Tani tano," akasema. Mimi huamini tatu.
"Mpya." Mpya ya nani?
Nikazigonga kwa nyundo, nikasikiliza.

Betri nje kwanza.
Kisha grenda ikala rangi, ikala kutu,
ikala na ule mng'ao wa zinki
ambao ukiuchoma hukulaza na homa usiku kucha.
Niliwahi kuugua. Niliambiwa ninywe maziwa.
Niliyanywa, nikatetemeka vilevile.

Nyuma kabisa, kwenye mhimili, karibu na bawaba,
pale uzito uendapo sanduku linapoinuka.
Bamba kwanza, bomba juu yake.
Na mguu ukikunjwa usikwaruze matuta ya Magongo.
Nukta nne za moto. Timazi.
"Umelala," akasema Nyamvula.
Nikabisha. Nikapima tena.
Ulikuwa umelala.
Nikakata nukta mbili, nikameza maneno.

Zamani nilishona mshono mzuri
kama ukili wa mkeka, wapita njia wakausifu.
Ulikatika Mariakani.
Ndani haukuwa umeshika popote:
chuma juu ya chuma, wageni wawili kitanda kimoja.
Hakufa mtu.
Tangu hapo nikisifiwa, nawasha grenda nitazame.

Kwa hivyo polepole, hapa kidogo, upande wa pili kidogo,
joto lisije likapinda nilichonyoosha.
Chirima akaniletea maji,
mguu huu raba, mguu huu ndara.

Alasiri tukalijaza kokoto.
Nyamvula akazungusha mkono, mguu ukashuka juu ya ubao.
"Usiliinue," nikamwambia. "Liegemeze tu,
kama unavyomshika mgonjwa asiyependa kushikwa."
Sanduku likapanda.
Chirima alisimama mbali, kisigino juu, tayari kwa safari.
Kokoto zikateleza, zikanguruma, vumbi likatufunika.
Lilipotua, tela limesimama wima,
na Chirima alikuwa bado pale,
akiitazama ile miguu
isiyokwenda popote.

Nyamvula akahesabu pesa, akarudisha mia tano kifuani.
"Za kiatu," akasema.
"Wewe ulicheka."