Giza Nalo ni Nyekundu

Miaka kumi na tisa nimesukuma
nisichokiona.
Mabehewa arobaini mbele ya injini yangu,
na mimi nyuma, Changamwe, usiku,
nikiyapandisha nundu ya yadi
taratibu, kichwa kwa mkia,
hadi kule kileleni ambako Kalume
huingiza mkono kati ya vyuma,
huchomoa pini,
na behewa hushuka lenyewe kwa uzito wake:
chumvi upande huu, saruji upande ule,
ngano ya Kampala njia ya saba.

Sikumwona Kalume. Sikuiona pini.
Nilichokiona ni mlingoti mmoja
na macho yake matatu.

Kijani, sukuma.
Manjano, sukuma kama unayesukuma kitanda cha mzazi wako
kwenye korido ya Makadara.
Nyekundu, simama papo hapo ulipo.
Nyekundu ikipepesa, rudi nyuma,
wala usiulize.
Na la mwisho, ambalo mwalimu wetu D'Mello
alilisema mara moja tu,
huku akifuta ubao:
taa ikizimika,
giza nalo ni nyekundu.

Kule mnarani alikaa mtu.
Sikumjua jina wala sura,
nilimjua mkono.
Wenzake walitupa kijani
kama wanaowarushia kuku punje.
Huyu alitanguliza manjano,
akanizoesha,
ndipo akaifungua kijani.
Nami nilisema moyoni: leo yupo yule mwenye adabu.

Mwezi wa tano, masika.
Mvua inapiga bati la injini
kama mtu anayedai deni.
Manjano. Nasukuma.
Behewa la kumi na moja. La kumi na mbili.
Mara mlingoti ukawa mti tu.

Msaidizi wangu, kijana Onditi, akasema,
"Balbu imeungua, mkubwa. Twende,
mizigo ya watu inasubiri."
Mkono wangu ulishafika kwenye breki
kabla sijaamua.
Vyuma vikagongana, ka, ka, ka,
kutoka kwetu hadi kileleni,
halafu mvua peke yake.

Asubuhi Kalume alikuja kwenye chai yetu
na kiatu kimoja.
Cha pili kilikuwa kimebanwa reli zinapoachana,
na mguu ulikuwa ndani yake
mpaka walipokata kamba.
Hakunishukuru. Aliomba sukari.

Leo ni foleni ya pensheni.
Feni juu yetu haizunguki.
Mzee aliye mbele yangu, Mwachiro, mtu wa Rabai,
fomu zake ndani ya mfuko wa unga,
ananiuliza nilikuwa idara gani.
Namwambia.
Ananitazama mikono, si uso.

"Ule usiku," anasema, "balbu haikuungua.
Niliiona kandili ya Kalume ikianguka
na isiinuke.
Nikaitaka nyekundu, ikakataa.
Nikabonyeza, nikabonyeza,
kidole hiki hapa kikavimba.
Basi nikazima zote.
Nikasema, wa chini ataelewa."

Miaka mingi nimekaa nalo lile giza
nikidhani lilikuwa la mvua,
kumbe lilikuwa na mwandiko.

Nilitafuta la kumjibu, nikakuta kikohozi.
Karani akaita namba ya mtu asiyekuwepo,
akaita tena,
kisha tukasogea, Mwachiro mbele, mimi nyuma,
hatua moja,
polepole,
manjano.