Kinyunya cha Ijumaa

Kanda, Mutheu aliniambia, kanda mpaka kinyunya
kiwe laini kama ndewe ya sikio.
Nikashika sikio langu kwa vidole vyenye unga.
Ghorofa ya tano, Pipeline,
na meza yetu iliyowahi kuwa mlango wa kabati.

Vitu vinne tu: unga, maji, chumvi, hamira.
Chapati haidai hamira, nayo tunaijua tangu meno ya utoto.
Mkate wa dukani umejazwa pumzi hadi ukasahau ladha.
Pizza iko hapo katikati, alisema,
binamu aliyesafiri akarudi na viatu vipya.

Alipika miaka tisa katika hoteli moja ya Westlands,
ambapo leo huuzwa matairi.
Anazijua zote kwa mikono, na hajawahi kupanda ndege.
Ya Napoli hulegea katikati,
ukingo umevimba, una madoa ya chui.
Ya Roma huvunjika kwa mlio; jirani husikia unakula.
Ya Sisilia hukaa kwenye trei, ya mraba, nene kama godoro la bweni.
Ile ya Chicago (akacheka) ni sufuria iliyojaa jibini.
"Na ya Nairobi?"
"Ya Nairobi humwagiwa tomato sosi kabla haijaonjwa."

Ijumaa ile tulikuwa na oda, pizza nane,
siku ya kuzaliwa ya mtoto wa Nekesa, ghorofa ya pili.
Saa kumi na moja jioni stima ikapotea.
Madonge manane chini ya kitambaa chenye maji,
yanaumuka, hayana habari,
na oveni imenuna kama hakimu.
Nekesa akanunua keki kwingine. Sikumlaumu.
Nilimlaumu kidogo.

Tukayapanga kwenye karai, tukalifunika,
tukaliweka kwenye sakafu ya bafu.
Julai ya Nairobi ni friji isiyo na bili.

Jumapili stima ikarudi pamoja na redio za watu wote.
Nikafunua. Harufu ya siki,
ya uji uliolala.
Nilitaka kumwaga. Mutheu akanishika mkono.
Akachukua donge, akalibonyeza kwa ncha za vidole,
nalo halikubisha, likatanuka
hadi nikauona mwanga wa dirisha kupitia kwake.

Nyanya, kitunguu saumu, jibini kidogo, bei yake unaijua.
Moto wa mwisho kabisa, dakika kumi.
Tulikula tumesimama.
Ladha ilikuwa na chumba cha ndani
ambacho unga wa saa moja haukuwahi kutufungulia.

Subira yavuta heri, husema watu.
Hakuna aliyeniambia kwamba heri yenyewe ina uchachu.

Tukampelekea Nekesa sahani.
Mtoto, miaka saba na siku mbili,
akaanza na ukingo, akautafuna polepole, macho juu,
jibini akaliacha.
Mutheu akaniminya bega: huyo ameelewa mkate.

Kisha mtoto akaomba tomato sosi.