Utepe wa Kijani

Niliagiza cherehani; likaja tofali,
limefungwa vyema, kwa utepe wa kijani.

Kituoni Makupa askari auliza: jina lake?
Simjui.
Sura?
Picha ya ua, mviringo mdogo.
Akaweka kalamu chini.

Nikamwaga mezani karatasi nane
nilizochapisha Majengo, shilingi kumi kumi:
ujumbe wa malipo, namba, saa tatu na nusu usiku,
"kesho dadangu, inshallah",
na tofali lenyewe, likagonga meza.

Benchini nyuma yangu Mbeyu wa Kisauni
amepakata kifurushi.
Utepe wa kijani.
"Yangu ilikuwa redio," akasema polepole.

Askari akaiokota kalamu.

Pesa hatujaziona.
Ila kitabuni tumo:
mimi mstari wa sita, yeye wa saba,
na wa nane umeachwa wazi.