Kasimile

Mbuzi ya mama haikuwa na pembe wala mkia,
ilikuwa na meno tu, na mguu mmoja uliofungwa waya.
Ilikaa nyuma ya mlango wa jiko, Al Khuwair,
miaka ishirini na minane, uso ukutani,
kama mtoto aliyetukana wageni.

Sabini na sita mama aliajiriwa kuandika oda
kwenye duka la makopo, Matrah,
kwa vile alijua Kiingereza cha shule ya Unguja
na duka liliwalisha Waamerika wa Mina al-Fahal.
Bi Zamzam binti Nasor: daftari jekundu, kalamu sikioni.
Hakuwahi kupanda ndege kwenda kwao,
lakini aliwajua kwa matumbo yao.

Kwanza walitaka jeli. Jeli ya kijani,
ndani yake karoti na samaki wa kopo,
inatetemeka mezani hata hujaigusa.
Mama akauliza, "Hiki kinaliwa au kinapungwa?"
Zikaja sufuria za kuchovya mkate kwenye jibini,
na uma mrefu kuliko mkono wa mlaji.
Mwaka wa pili hakuna aliyeziulizia.
Tulichukua mbili, tukaoteshea mrehani.

Halafu mafuta yakawa adui.
Kila kopo likajisifu kwa kile lisichokuwa nacho:
maziwa hayana mafuta, biskuti hazina mafuta,
nusura waandike hivyo hata kwenye maji.
Daktari wa Ruwi, karudi juzi tu kutoka Ohio,
akampima baba presha:
"Nyumbani mnapikia nini?"
Baba, kwa fahari: "Tui."
Daktari akavua miwani.

Jioni ile mbuzi ikageuzwa.
Kifumbu kikatiwa vitunguu.
Majarini ikaingia na bati lake la manjano,
ikapika wali, ikapika mchuzi wa papa,
ikapika hata mkate wa kumimina, Mungu atusamehe.
Ijumaa baba alikula bila neno,
akapangusa sahani kwa kidole, akanusa kidole,
kama mtu anayepekua bahasha ambayo barua yake imeshatolewa.
Hakulalamika. Aliyekwishaacha shamba zima la minazi,
nazi moja kwake ni nini?

Alifariki tisini na tatu.
Si moyo. Lori, njia ya Nizwa.
Moyo wake, walisema hospitali, ulikuwa mzima kabisa.

Mama akaendelea kuandika:
mtindi wa barafu,
keki ndogo ndogo zilizovishwa karatasi,
kisha nyama bila mkate, mkate ukawa ndio haramu mpya.
Alistaafu kabla sukuma haijawa malkia.

Jana Shamsa wangu katoka masomoni Texas
na kichupa, ukikifumbata hakionekani.
Riali sita na nusu.
"Mafuta ya nazi, mama. Yanasafisha moyo.
Kule wanayatia hadi kwenye kahawa."

Bibi yake akaomba anuse.
Akanusa, akafumba macho, akanusa tena.
"Nani amewaruhusu?"
Shamsa akacheka. Mama hakucheka.
"Nauliza. Nani amewaruhusu,
na mbona hakuna aliyekuja kutuambia?"

Nikaenda sokoni, nikapata nazi mbili za Salalah.
Tukasugua kutu kwa ndimu na chumvi.
Mama akaikalia mbuzi, goti likalia, meno yakashika,
na jiko zima likawa na harufu ya mtu
aliyekuwa akirudi saa nane mchana, viatu mkononi.
Kasimile aliikamua mwenyewe,
nzito, haina haraka kutoka kifumbuni.
Hakuna aliyezungumza.

Nikachukua machicha niyatupe.
"Weka," akasema, bila kugeuka.
"Mwakani watayataka na hayo."